Ikikataa Urudi

Kuna sentensi moja ambayo ningeifuta Kenya nzima kama ningepewa siku moja ya kuwa serikali. Haisemwi na mwanasiasa. Inasemwa na mtu mpole nyuma ya kaunta ya kioo, akikuhesabia vidonge ndani ya kibahasha cha kaki: "Kunywa hizi siku tano, ikikataa urudi." Umeisikia. Mimi nimeisikia tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Kwa mafua na kwa tumbo mara nyingi inafaa, kwa sababu mara nyingi mwili hujitibu wenyewe na kidonge kikachukua sifa. Lakini sauti ikikauka ikakaa kavu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, sentensi hiyo ni hatari. Na sijaona mtu akiandika hivyo kwa Kiswahili, basi acha niandike mimi.

Nina kesi mkononi. Mjomba wangu, kaka ya mama, ameuza mitumba Gikomba kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu asiyeijua Gikomba hufikiri mtaji wa pale ni beli ya nguo. Beli unaweza kukopeshwa. Mtaji ni koo. Saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya watu wote wanaouza kitu kilekile unachouza wewe, anayesikika ndiye anayekula, na mjomba alikuwa anasikika hadi barabarani. Sauti yake ilipoanza kukwaruza, wateja walimtania kwamba amebalehe upya. Naye akacheka.

Ikafuata miezi kumi na minne. Kemisti nne, pengine tano. Amoksilini, halafu kitu chenye nguvu kuliko amoksilini, halafu kingine chenye jina refu na bei ndefu. Asali, tangawizi, ndimu, kitunguu saumu. Mzee mmoja huko ushago akashauri kimio kikatwe, maana wako watu hapa kwetu ambao mpaka leo kila ugonjwa wa koo wanautibu kwa kukata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. (Mjomba alikataa. Alinusurika kisu kisicho na kazi.) Mwingine akasema ni husuda ya soko. Alipoanza kuhema akipanda ngazi, kliniki moja ya mtaani ikamwambia ana pumu, ikampa inhela.

Hapo kwenye inhela ndipo napandwa na hasira zaidi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Pumu hulia zaidi hewa inapotoka. Mjomba alikuwa analia hewa inapoingia. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobonyea, na ukikaa naye chumba kimoja usiku ulisikia ule mluzi kutoka upande wa pili wa pazia. Kuitofautisha sauti hiyo na ya pumu hakuhitaji mashine. Kunahitaji mtu atulie dakika moja, aweke simu chini, asikilize. Mgonjwa alikuja na ugonjwa wa sauti, akapita mikononi mwa watu wengi waliosomea kazi hiyo, na hakuna aliyeisikiliza sauti.

Usiku mmoja alishindwa kulala chali. Hospitalini, afisa wa kliniki aliyesomea masikio, pua na koo akampitishia kamera puani, waya mwembamba kuliko penseli, ukashuka mpaka kooni. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Chini ya nyuzi za sauti kulikuwa na uvimbe uliokuwa umeziba zaidi ya nusu ya njia ya hewa. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Karo ya muhula ule ikaenda kwa skani ya CT na kitanda, na sikurudi tena darasani. Huruma siitaki. Nataka tu ujue kwamba haya siyaandiki kutoka pembeni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kondrosakoma, saratani ya gegedu. Gegedu ni kile kitu kigumu kinachopindika ulicho nacho sikioni na kwenye ncha ya pua. Zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti shingoni, limejengwa kwa magegedu, na la chini kabisa huitwa krikoidi, kutokana na neno la Kigiriki la pete, kwa sababu lina umbo la pete ya muhuri: nyembamba mbele, pana nyuma. Kwenye njia nzima ya hewa, hilo ndilo gegedu pekee linalozunguka duara zima bila kuacha pengo. Kondrosakoma nyingi za zoloto huanzia hapo, upande ule mpana wa nyuma. Saratani nyingi za zoloto huota kwenye utando laini wa ndani, na ndizo zinazoandamana na sigara na pombe. Hii ya gegedu ni kama asilimia 1 tu ya zote, au pungufu. Huwapata zaidi wanaume, na hasa waliovuka miaka hamsini. Nyingi ni za daraja la chini, maana yake zinakua polepole, miaka kwa miaka, na si rahisi zisambae mwilini.

Sasa fikiria maana ya hilo "polepole". Uvimbe wa namna hii unakupa muda. Ukikutwa mdogo, daktari anaweza kuukata wenyewe akaliacha zoloto mahali pake, wakati mwingine kwa leza kupitia mdomoni. Ukikutwa umeshakula zaidi ya nusu ya ile pete, hakibaki kitu cha kuishikilia njia ya hewa isijifunge, na mara nyingi zoloto lote hutolewa. Mionzi haifui dafu sana hapa, kemo pia vivyo hivyo. Tiba ni kisu, na swali ni kisu cha ukubwa gani. Kwa hivyo miezi kumi na minne ya vidonge haikumuua mjomba. Yuko hai, anakula ugali, anabishana na anti kuhusu bili ya stima kwa kuandika kwenye daftari. Miezi ile ilichukua zoloto lake. Mtu aliyekula kwa sauti alinyang'anywa sauti na kitu kinachotembea kwa mwendo wa konokono, na sisi sote tukikitazama kikipita.

Nikisimulia haya, watu waliosoma hunijibu kwa neno moja: "nadra". Ati ni ugonjwa nadra, daktari wa mtaani hawezi kuujua, hata wataalamu hukutana nao mara chache maishani mwao. Neno hili limekuwa blanketi la kufunikia uzembe. Hakuna aliyemwomba mtu wa kemisti aijue kondrosakoma. Kilichotakiwa ni kujua kitu kimoja, ambacho si nadra hata kidogo: sauti iliyokauka isiporudi, koo linatazamwa. Basi. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2018, unasema sauti isiporudi ndani ya wiki nne, zoloto litazamwe, na mapema zaidi kama kuna dalili ya jambo kubwa. Mwongozo huohuo unasema antibiotiki zisitolewe kama mazoea kwa sauti iliyokauka. Uingereza, mtu wa miaka 45 na kuendelea ambaye sauti yake imekauka bila sababu na haitaki kurudi hupelekwa haraka kuchunguzwa saratani. Sheria ya namna hiyo hainasi kondrosakoma peke yake. Inanasa ile saratani ya kawaida ya nyuzi za sauti, ambayo ikiwahiwa mapema hupona vizuri, inanasa kifua kikuu cha zoloto, inanasa vinundu vya walimu na wahubiri. Ile nadra ingenaswa humohumo, kwenye wavu wa samaki wa kila siku.

Na usiniambie ni mambo ya nchi tajiri. Mtu aliyetuonyesha jinsi ya kuliona zoloto hakuwa hata daktari. Manuel García alikuwa mwalimu wa kuimba. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata habari zake zikasomwa mbele ya wanasayansi London. Kioo na jua. Hivi ninavyoandika, chuo chetu cha KMTC kinawafundisha maafisa wa kliniki stashahada ya juu ya masikio, pua na koo, na kutazama zoloto ni kazi yao. Watu hao wapo. Tatizo ni kwamba kati ya mgonjwa na wao kuna kaunta kumi za kioo, na kila kaunta inapata pesa kidogo kwa kumchelewesha. Antibiotiki Kenya ni dawa za cheti, kisheria haziuzwi bila karatasi ya daktari. Jaribu kwenda mtaani kwenu leo jioni uone kama utaulizwa karatasi.

Kuna kosa lingine, na hili ni la lugha yetu. Tunasema "kansa ya koo". Koo ipi? Kwa Kiswahili cha mtaani, koo ni kila kitu kati ya kidevu na kifua: njia ya chakula, njia ya hewa, kisanduku cha sauti, hadi tonsili. Na Kenya ukisema kansa ya koo, watu wengi wanaona moja tu, ile ya umio, njia ya chakula, ambayo imemaliza familia nyingi hasa upande wa Bomet na Bonde la Ufa kwa jumla, na ambayo ikishamfanya mtu ashindwe kumeza huwa imefika mbali. Kwa hivyo neno liliporudi nyumbani kwamba mjomba ana "kansa ya koo", ukoo haukuuliza swali. Uliunda kamati. Sitanii. Wiki mbili kabla ya upasuaji kulikuwa na kundi la WhatsApp ambalo kichwa chake kilisema ni la matibabu, lakini mazungumzo ya ndani yalikuwa ya ardhi na nani ajulishwe. Mjomba alikuwa mwanachama wa kundi hilo. Alikuwa anasoma.

Ugonjwa ambao wengi wao huishi nao miaka mingi baada ya upasuaji ulivalishwa jina la ugonjwa mwingine kabisa, na mgonjwa akaanza kuaga. Alitaka kukataa upasuaji, eti pesa ziwekewe watoto. Alibadili nia siku daktari mmoja mwanamke alipochukua kalamu, akamchorea pete kwenye karatasi, akatia doa nyuma yake, akamwambia, "Mzee, hii hapa. Hii si ile unayoifikiria." Kiswahili kina neno zoloto. Kina umio. Kina gegedu. Yamelala kwenye kamusi na kwenye vitabu vya sayansi huku watu wakizikana kwa neno moja, koo. Nikisikia wenzangu waandishi wakisema istilahi ni mambo ya maprofesa, nawakumbuka wale watu wa kamati.

Halafu kuna swali ambalo kila mgeni aliingia nalo wodini, hata kabla ya kukaa: "Alikuwa anavuta?" Wanauliza kwa sauti ya chini kana kwamba mgonjwa ni kiziwi pia. Sigara inaua, na ile saratani ya kawaida ya zoloto ni mtoto wake wa damu; mwenye kuvuta aache. Lakini hii ya gegedu haina uhusiano unaojulikana na sigara, na hata ingekuwa nao, swali lile wodini halimtibu mtu. Ni swali la kujikinga. Anayeuliza anatafuta sababu ya kwenda nyumbani akiwa na uhakika kwamba yeye haitamfika.

Turudi kwenye vipimo, maana hapo nako kuna mtego. Kinyama cha kwanza alichokatwa mjomba kilirudi maabara na jibu tamu: gegedu lililokua kupita kiasi, si saratani. Familia ikashukuru Mungu kwa wimbo. Daktari hakushukuru. Uvimbe huu hukaa chini ya utando uliofunika vizuri, ni mgumu, na sehemu yake moja inaweza kufanana sana na gegedu lisilo na madhara wakati sehemu ya pembeni ni saratani. Kipande kidogo kilichochunwa juu juu kinaweza kukosa ukweli. Skani ya CT ndiyo ilimtia wasiwasi, kwa sababu ndani ya uvimbe kulikuwa na madoadoa ya chokaa, kama bisi zilizomwagika, na picha hiyo kwa wanaoijua inasema gegedu na inasema shuku. Kipande cha pili, kilichochimbwa ndani zaidi, kikatoa jina.

Hili la kuamini kipande kimoja lina historia ya kifalme. Mwaka 1887 mrithi wa kiti cha Ujerumani, Frederick, alikaukwa na sauti. Madaktari wa kwake walishuku saratani wakawa tayari kumpasua mwezi wa Mei. Akaitwa bingwa wa koo kutoka London, Morell Mackenzie, akatoa vipande, vikachunguzwa na Rudolf Virchow, mkubwa wa wapatholojia wa enzi hiyo, naye hakuona saratani. Upasuaji ukafutwa. Kufikia Novemba haikuwa siri tena. Februari 1888 akatobolewa shingo ili apumue, Machi akawa Kaisari, akatawala siku 99 akiandika amri na maombi yake kwenye vikaratasi, Juni akafa. Baada ya hapo madaktari wa Kijerumani na yule Mwingereza wakaandika vitabu vya kutupiana lawama. Yule alikuwa na kila bingwa Ulaya. Mjomba alikuwa na daktari mmoja mkaidi asiyekubali jibu tamu, na kwa hesabu yangu mjomba alitibiwa vizuri kuliko Kaisari. Nasema hivi makusudi, kwa sababu tumezoea kuwapiga mawe wahudumu wote wa afya kwa pamoja, na ukweli ni kwamba waliomwokoa mjomba walikuwa watu wa hospitali ya umma, wengine wakiwa hawajalipwa mshahara wa mwezi ule.

Pesa. Nitapita hapa haraka kwa sababu unaijua hii stori, umeichangia. Bango lenye picha ya mgonjwa alipokuwa mnene, nambari ya M-Pesa, jina la mweka hazina. Kilichonishangaza ni kwamba bango letu liliomba pesa za kemo. Hakuna daktari aliyesema kemo. Lakini kansa kwa Mkenya ni kemo, na anayetengeneza bango anajua neno linalofungua mifuko. Tungeandika "upasuaji na vifaa vya kuongea" tusingepata hata nusu. Jamaa mmoja akaleta ajenti wa safari za India aliyekuwa na bei tayari kabla ya kuona skani. Tulimnywesha chai tukamwaga.

Julai 2019 nchi hii ilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge Ken Okoth wa Kibra na gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote ndani ya mwezi mmoja, wote kwa saratani, wote wakiwa wametafuta matibabu nje. Kelele zikapigwa kwamba saratani itangazwe janga la kitaifa. Nakumbuka hasira ile, nilikuwa shule. Kelele zilihusu mashine, na mashine za mionzi zimeongezeka kweli nje ya Nairobi, nani atakataa. Lakini mashine ya mionzi hukutana na mgonjwa mwishoni mwa safari. Mwanzo wa safari ni ileile kaunta ya kioo.

Tazama hata bima mpya ilivyopangwa. Chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, matibabu ya zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na serikali, mgonjwa akijisajili tu. Kutoka ngazi ya nne kwenda juu ndipo unapotakiwa uwe umelipa mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mtu wa Gikomba, asiye na mwajiri, hupimwa uwezo wake kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye makaratasi hii ni haki. Sasa uliza, kamera ya kutazama zoloto inakaa ngazi gani? Zahanati nyingi hazina hata kioo cha García. Kwa hivyo penye bure hapana jicho, na penye jicho hapana bure. Mtu ambaye sauti yake imekauka, ambaye hana maumivu, ambaye anauza vizuri tu kwa kuashiria, hatalipa mchango wa mwaka mzima ili atazamwe koo. Ataenda kemisti. Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kioo na taa ya kichwani vinafikiwa. Vipelekwe ngazi ya tatu, na kila kaunti iwe na siku moja kwa wiki ambayo mtu wa koo anawaona waliokaukwa na sauti bila kuulizwa kadi. Sijaomba chombo cha kwenda mwezini.

Na baada ya kisu? Hapa ndipo nchi nzima inanyamaza. Mtu aliyetolewa zoloto hupumua kupitia tundu shingoni, moja kwa moja, maisha yake yote. Pua na mdomo haviingizi tena hewa mapafuni. Hasikii harufu vizuri, kwa hivyo mjomba haambiwi kwa pua kwamba maziwa yamechacha. Vumbi la Gikomba halichujwi na kitu chochote isipokuwa kitambaa au kichujio anachovaa, na kichujio ni cha kubadilishwa kila mara. Akioga anakinga shingo. Akizirai barabarani, msamaria akampulizia mdomoni, atakuwa anapuliza bure. Hewa ipelekwe shingoni. (Hili likariri, wewe unayepanda matatu kila siku.) Sauti inaweza kurudi kwa njia tatu. Kuna kujifunza kumeza hewa na kuitoa kwa kuitetemesha kwenye umio. Kuna kifaa cha betri kinachoshikwa shingoni kikatetemesha, ambacho hutoa sauti ya roboti na kugharimu dola mamia kadhaa. Na kuna vali ndogo inayowekwa kati ya njia ya hewa na umio, waliyoileta Eric Blom na Mark Singer mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo inabidi ibadilishwe kila baada ya muda maisha yote.

Mjomba hana hata moja. Alipouliza, kwa maandishi, aliambiwa hayo ni mambo ya ziada, ashukuru Mungu yuko hai. Ziada! Zoloto la kwanza kutolewa kwa sababu ya saratani lilitolewa na Theodor Billroth kule Vienna tarehe 31 Desemba 1873. Mgonjwa alikuwa bado kitandani, na msaidizi wa Billroth, Carl Gussenbauer, akaanza kumtengenezea zoloto bandia ili aongee. Yaani watu wa kwanza kabisa kufanya kazi hii duniani waliona kwamba kumrudishia mtu sauti ni sehemu ya matibabu. Miaka mia na hamsini baadaye tunamrudisha mtu nyumbani na daftari na kalamu, tunaita hiyo kupona.

Sokoni anafanya hivi. Ameandika bei kwenye vipande vya kadibodi. Amenunua filimbi, lakini mwenye filimbi lazima awe na pumzi mdomoni, na anti ndiye aliyelikumbuka hilo baada ya pesa kutoka. Siku hizi anamlipa kijana wa jirani amwitie wateja. Kijana ana sauti nzuri, anachukua asilimia yake, na hawezi kutania wateja kama yeye. Mauzo yameshuka, na hakuna kifurushi cha bima kinachohesabu kitu hicho, kwa sababu kwa vitabu vyao mgonjwa ametibiwa na faili limefungwa. Na faili lenyewe halifai kufungwa, maana kondrosakoma hurudi, hata baada ya miaka, na mtu anatakiwa kutazamwa tena na tena.

Rafiki yangu muuguzi alisoma rasimu ya haya akaniambia nitawatisha watu, kwamba kila mwenye mafua ataenda kupanga foleni akidhani ana saratani. Namwelewa. Sauti nyingi zilizokauka si saratani. Ni virusi, ni kupiga kelele uwanjani, ni asidi ya tumbo, ni mwalimu aliye na darasa la watoto themanini. Nyingi zitarudi zenyewe ndani ya wiki mbili, na hizo wiki mbili kunywa maji, nyamaza, acha kunong'ona, pumzisha koo, usinunue kitu. Hapo mimi na yeye tunakubaliana. Tunaachana kwa wale ambao sauti yao haikurudi. Kuwaambia wangoje tena ili wasiogope ni kuwalinda na hofu ya siku moja kwa gharama ya zoloto.

Wiki ya nne ikikukuta hujarudi, au kabla ya hapo kama unahema, unameza kwa shida, unatema damu au umepapasa kidonge kigumu shingoni, usiende kwenye kaunta. Nenda mahali penye mtu wa masikio, pua na koo, useme nataka zoloto langu litazamwe. Wakishangaa neno, weka kidole pale kidundu kinapopanda ukimeza. Wakikuandikia amoksilini, uliza inatibu mdudu gani, na nani kati yao amemwona.